Waya umelala chini, na kituo hakina habari

Kuna neno moja kwenye matangazo ya kukatika umeme ambalo linanikera kuliko giza lenyewe. Neno lenyewe ni "kutafuta". Mafundi wanaendelea kutafuta hitilafu. Utalisikia Dar, utalisikia Mombasa, utalisikia Kampala, na sote tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayesimama kuuliza: wanatafuta vipi? Wanatafuta kwa kutumia nini? Kitu chenye volti elfu kumi na moja kimeharibika, kinatoa cheche na kelele, halafu watu wazima wanakitafuta kwa tochi kama mtu aliyedondosha funguo gizani.

Nimeona niandike kuhusu hili kwa sababu kila tukijadili umeme, mjadala unaishia kwenye mabwawa. Maji yamejaa, maji yamepungua, mtambo namba ngapi umewashwa. Sawa, mabwawa ni muhimu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mwaka 2025 yote tisa ilikamilika. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini megawati hizo zinakufikia wewe kupitia waya uliofungwa kwenye kikombe juu ya nguzo ya mti nyuma ya baa, na waya huo ukikatika saa nne usiku, kituo cha kupozea umeme kinaweza kisijue. Hapo sizungumzii kuchelewa kujua. Kinaweza kisijue kabisa, mpaka mtu apige simu.

Wengi wanadhani haiwezekani. Waya ukianguka si umeme unajikata wenyewe? Hapana, wandugu, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini.

Kwenye kituo kuna rilei. Kazi yake ni kupima mkondo unaotoka, na mkondo ukizidi kiwango ilichowekewa, inaiamuru breka ifungue laini. Ni mlinzi anayejua kitu kimoja tu: wingi. Nyaya mbili zikigusana, mkondo unapanda mara nyingi kupita kawaida na rilei inakata mara moja, hapo inafanya kazi yake vizuri sana. Lakini waya mmoja ukikatika na kulala ardhini, mkondo hauendi kwenye waya mwenzake. Unapita kwenye udongo, na udongo ni njia mbaya ya umeme. Wahandisi wa Marekani waliwahi kudondosha nyaya kwa makusudi kwenye mtandao wao wa usambazaji, wenye msongo usiopishana sana na kilovolti 11 zetu, wakapima. Takwimu zao zimekuwa zikinukuliwa vitabuni kwa miaka mingi. Waya kwenye mchanga mkavu: sifuri. Kwenye lami kavu: sifuri. Mchanga uliolowa: ampia 15. Majani makavu: 25. Majani yaliyolowa: 50. Zege yenye nondo: 75.

Sasa linganisha. Transfoma ya kVA 100 kwenye laini ya kilovolti 11 inavuta kama ampia 5 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Kwa hiyo waya uliolala kwenye mchanga uliolowa, kwa macho ya rilei, ni kama transfoma tatu zimewashwa. Watu wamerudi nyumbani, wamewasha feni na pasi. Rilei haioni ubaya wowote. Huwezi kuipunguzia kiwango mpaka ampia 15 pia, maana itaizima laini kila jioni. Na upande wa pili wa hesabu hiyo kuna moyo wa binadamu, ambao unavurugwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya ampia moja.

Rudia hiyo ya mchanga mkavu. Sifuri! Pwani yetu yote ni mchanga.

Nilipata kuzungumza na fundi mmoja wa laini, mtu mzima, sitamtaja jina wala anakofanyia kazi. Nilimwuliza wanavyofanya laini ikijizima. Akanieleza bila kuficha: wanaigawa laini vipande kwa kufungua swichi za njiani, halafu wanawasha kipande kimoja kimoja. Kipande kikikataa, ubaya uko humo. Kikikubali, wanakwenda cha mbele. Wenyewe wanaita kujaribu laini. Na kuna mashine zinazofanya hivyo zenyewe, zinawasha tena mara mbili tatu kabla ya kukata tamaa, kwa sababu hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita, tawi limegusa likaanguka, ndege kaungua. Mantiki yake naielewa, na popote duniani laini za juu hujaribiwa namna hiyo.

Ila fikiria maana yake mahali waya umelala kwenye uwanja wa mtu. Nyaya zimegusana kwenye upepo, laini ikajizima, mmoja umekatika ukaanguka. Watoto wametoka kuangalia. Kule kituoni mtu anawasha kujaribu. Waya uko kwenye mchanga mkavu, mkondo ni kiduchu, breka inashika. Kituo kinaandika kwenye daftari: laini imekubali. Mtaa mzima unapiga kelele "umeme umerudiii". Ushahidi pekee kwamba laini ni nzima ni kwamba haikujizima, na ushahidi huo ndio huohuo utakaoupata laini ikiwa mbovu kwa namna ya hatari kuliko zote. Nauliza tu: huo ni utaratibu wa usalama, au bahati nasibu?

Februari 2, 2022, huko Matadi-Kibala, pembeni ya Kinshasa, waya wa msongo mkubwa ulikatika ukaangukia sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro umejaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa wakiuza na kununua asubuhi. Sitasema kifaa fulani kingewaokoa. Ile ilikuwa laini kubwa, na dakika ya kwanza inaweza kuwa ilitosha kuua wote. Lakini baada ya msiba ule mazungumzo yaliyotawala yalikuwa ya kuhamisha soko. Soko lihamishwe, sawa. Na waya je? Ukweli ni kwamba waya haukatiki ghafla kama tunavyopenda kuambiwa. Mara nyingi huanza kulalamika mapema. Na hapo ndipo penye hoja yangu.

Wale waliokua na redio za masafa ya kati watanielewa upesi. Babu anasikiliza RTD, halafu sauti inaanza kukwaruza, krrr, krrr, na anajua kabisa ni ile nguzo ya pale kona. Alikuwa sahihi. Kikombe kilichopasuka au kiunganishi kilicholegea hutoa cheche, na cheche hutawanya mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja. Redio ya babu ilikuwa kifaa cha kugundua hitilafu, na ilifanya kazi hiyo bure.

Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, wimbi laini kama mgongo wa nyoka. Friji, pampu, taa, kila kimoja kinalichezea wimbi hilo kwa namna yake, lakini kinarudia namna ileile kila mzunguko. Cheche hairudii. Umeme unapopita sifuri, mara 100 kwa sekunde, cheche inazimika, halafu inasubiri msongo upande ndipo iwake tena, na kila mara inawaka kwa wakati tofauti kidogo. Nusu ya juu ya wimbi haifanani na nusu ya chini. Mkondo unayumba, unapotea, unarudi. Ukichukua vipimo maelfu kila sekunde na kuvitenganisha kwa hesabu ambazo Mfaransa Fourier alizichapisha mwaka 1822 alipokuwa akichunguza joto, utaona vipande vya masafa ambavyo mzigo wa kawaida hauvitoi kwa mpangilio ule. Kiasi cha mkondo kinabaki kidogo, ampia chache, na rilei imelala. Ila umbo linapiga kelele. Daktari hapimi moyo kwa kuangalia damu ni lita ngapi. Anasikiliza unavyodunda.

Hii si habari ya juzi. Profesa B. Don Russell wa Texas A&M na wenzake wamekaa na suala hili kwa miongo kadhaa. Wametengeneza mfumo unaokaa kituoni, umeungwa kwenye vipimo vya mkondo ambavyo kituo chochote kinavyo tayari, na unasikiliza laini nzima kutoka mahali pamoja. Umewahi kuona viunganishi vinavyokaribia kuungua, matawi yanayogusa waya mara kwa mara, vifaa vilivyopasuka ndani, siku au wiki kabla ya kukatika. Sikiliza tena: kabla. San Diego, California, kampuni ya umeme imekwenda mbali zaidi. Wameweka vipimo sehemu kadhaa za laini, vyote vikifuata saa moja ya satelaiti, vinalinganisha msongo mara nyingi kwa sekunde. Waya ukikatika, sehemu mbili zilizokuwa zikikubaliana zinaanza kupingana, na laini inazimwa wakati waya bado uko hewani. Kitu kikidondoka kutoka mita 9 kinachukua kama sekunde 1.4 kufika chini. Kwa kompyuta hiyo ni likizo ndefu.

Na Australia. Februari 7, 2009, jimbo la Victoria liliungua, watu 173 wakafa. Moto mkubwa kuliko yote, wa Kilmore East, uliua 119, na chanzo chake kilikuwa waya mmoja wa shambani wa kilovolti 12.7, uliochoka kwenye mfungo wake ukakatika. Mwaka mmoja kabla, wakaguzi walikuwa wamepita pale. Tume ikaundwa, fidia ikalipwa, na mwishoni ikatungwa sheria: vituo 45 vifungwe vifaa vinavyoweza kuhisi hitilafu ya nusu ampia kwenye laini ya kilovolti 22, na kuushusha msongo wa waya ule mbovu mpaka volti 250 ndani ya sekunde mbili. Nusu ampia! Nimeandika hayo ili asije mtu akaniambia haiwezekani kifizikia.

Najua nitakachojibiwa. Sisi si Australia. Hatuna hela. Kijana, andika habari za michezo.

Kuhusu hela nakubaliana nusu. Vifaa vya Victoria ni ghali kwelikweli na hata wao walilalamika, na mtandao wetu haukujengwa kwa ajili yake. Simwombi mtu anunue vile. Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu kwenye orodha hii kinahitaji mkopo wa benki. Rilei za kidijitali, ambazo vituo vya karne hii vinajengwa nazo popote duniani, hazipimi tu. Zinarekodi. Kila zinapokata laini huhifadhi picha ya mawimbi ya sekunde zile, kwenye faili la muundo unaojulikana duniani kote tangu 1991. Kumbukumbu yake ni ndogo, ikijaa faili jipya linafuta la zamani. Kwa hiyo masikio tayari tumeyanunua. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kituoni na flashi kila wiki kuchota alichosikia yule mlinzi, kukiweka pamoja na maelezo ya fundi kuhusu alichokikuta kule porini. Laini fulani, tarehe fulani, wimbi hili hapa, na kilichokutwa ni kiunganishi kilichoungua. Fanya hivyo miaka mitatu, unayo maktaba ambayo hakuna kampuni ya nje inayoweza kukuuzia.

Na ni lazima iwe yetu, hii nayo watu hawaisemi. Cheche za waya na cheche za fundi wa kuchomelea mageti zinafanana sana. Mitaa yetu ina mafundi wa kuchomelea kila baada ya nyumba kumi! Mfumo uliofundishwa kwenye laini za Texas ukiuleta Tandale kesho utazima umeme kila mtu akitengeneza dirisha, na baada ya wiki moja mhandisi ataung'oa, na atakuwa na haki. Kosa la kukosa hitilafu ni baya, lakini kengele za uongo ndizo zinazoua mifumo hii kila inapojaribiwa, kwa sababu binadamu huacha kuzisikiliza.

Hapo sasa nageukia vyuo, maana lawama isiwe ya upande mmoja. Tembelea rafu za tasnifu za uhandisi wa umeme kwenye vyuo vyetu, hutakosa kugundua hitilafu kwa mitandao ya neva, kugundua hitilafu kwa kuchambua mawimbi kwa njia hii na ile. Vijana wana akili, hesabu zimekaa sawa, usahihi asilimia 99 na kitu. Angalia sasa data imetoka wapi. Ni laini ya kwenye kompyuta. Mara nyingi ni ile laini ya mfano ya nodi 34 ambayo dunia nzima inaifanyia mazoezi. Unajua ile laini ni ya wapi? Imechukuliwa kwenye laini halisi ya Arizona. Kijana wa Kiafrika anakaa miaka miwili akilinda nyaya za jangwa la Marekani, anapewa gauni na kofia, na nje ya dirisha la maabara kuna laini ya kilovolti 11 inayokwaruza kila mvua ikinyesha.

Simlaumu kijana. Akiomba rekodi za kweli anazungushwa. Barua iende kwa nani, ikasainiwe na nani, ni siri ya shirika, njoo wiki ijayo. Siri gani iko kwenye wimbi la umeme la mwaka juzi? Adui atalifanyia nini? Na wahadhiri nao wameridhika, kwa sababu asilimia 99 ya Arizona inachapishika kwenye jarida, wakati asilimia 70 ya Buza ingeleta maswali.

Kuna mahali pengine penye masikio tuliyoyaziba wenyewe: mita. Njia rahisi kuliko zote ya kujua waya umekatika haihitaji Fourier wala mtu yeyote. Kama swichi ya kituoni imefungwa na nyumba za mwisho wa laini zimekosa umeme, katikati kuna waya uliokatika. Mtoto wa darasa la sita anaelewa. Tatizo ni kwamba mita nyingi tulizonazo za kuingiza tokeni hazizungumzi na mtu. Mnakumbuka mwaka 2024? Mita za namna ile dunia nzima zilitakiwa kubadilishiwa hesabu zake za ndani kabla ya Novemba 24 mwaka ule, na kazi hiyo ilifanywa na sisi wateja, tukibonyeza tarakimu ishirini ishirini ukutani, mama mwenye nyumba anasoma, mpangaji anabonyeza. Mita ambayo mwenyewe hawezi kuiambia kitu bila kumtuma mpangaji haiwezi kumwambia kwamba mtaa wako una waya chini. Mita zinazozungumza zipo na siku moja zitaenea. Nachoogopa ni kwamba zitanunuliwa kwa ajili ya kukamata wezi na kukata wadaiwa, na ujumbe wa mwisho ambao mita hutuma umeme unapokata utafika kwenye kompyuta ambayo haina mtu.

Kwa nini hakuna anayeharakisha? Nina jibu langu. Angalia tunachopima. EWURA hapa Tanzania inatoa taarifa za utendaji wa mtandao, na Kenya nao wanafanya hivyo: umeme ulikatika mara ngapi kwa mteja, na kwa saa ngapi. Ni vipimo vya kimataifa, vizuri tu. Ila waya uliolala uwanjani ukiwa na umeme, huku majirani wa upande wa kituoni wanaangalia mpira, unachangia karibu na sifuri kwenye vipimo hivyo. Ukiuzima laini nzima kwa tahadhari mpaka ukaguliwe, saa zako zinaharibika na unaonekana meneja mbovu. Ukijaribu kuwasha ikakubali, wewe ni hodari. Tumetengeneza mtihani ambao anayehatarisha watu anapata alama nyingi kuliko anayejali, halafu tunashangaa mafundi wanajaribu laini usiku wa manane. Na laini ndiyo inazidi kurefuka. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vilitangazwa kufikiwa na umeme. Nyaya nyingi zaidi, nguzo nyingi zaidi, kilomita za pori ambazo hakuna mwenye simu wa kuripoti, na mafundi walewale.

Bei ya umeme ikijadiliwa EWURA hupokea maoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuandika, si lazima uwe mhandisi wala mfanyabiashara mkubwa. Ya kwangu itakuwa na maombi mawili tu. La kwanza, kila taarifa ya mwaka iwe na safu mpya: nyaya ngapi zilianguka, na kila mmoja ulikaa chini dakika ngapi ukiwa na umeme kabla ya kuzimwa. La pili, rekodi za rilei zaidi ya miezi sita zipelekwe vyuoni bila barua tatu. Ukipenda kuyanakili na kuyatuma kwa jina lako, nakili. Wiki ijayo nitaandika kuhusu nguzo, maana nazo zina mambo yake.